Laka ya Kuizuia Shaba Isizeeke

Mwaka 1906 Bunge la Marekani lilitenga fedha za kuikarabati na kuipaka rangi Sanamu ya Uhuru ya New York. Ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na wekundu wa shaba; sasa kijani kilikuwa kimeienea. Wananchi wakaja juu kuipinga rangi hiyo. Wahandisi wa jeshi walioichunguza nao wakaona kuwa utando ule ndio unaoilinda ngozi ya shaba, ambayo unene wake ni milimita 2.4 tu. Nje haikupakwa kitu.

Kwa shaba ya mapambo ya ndani, subira ya namna hiyo haisaidii. Vitasa, reli za ngazi na mabamba ya ukutani hayafikii kijani kile; huganda kwenye hudhurungi yenye alama za vidole. Kuyasugua kwa ndimu huyarudishia mng'ao, ila kila msuguo huondoka na shaba kidogo.

Mafundi wa zamani walitegemea nta na mafuta ya kitani, wakirudia kila mara. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja laka ya nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi, ndugu wa filamu za mwanzo za sinema na yenye kiu ileile ya moto. Ilikauka upesi, ikang'aa. Ikipigwa na jua iligeuka njano na kupasuka, kisha hewa ikapenya kwenye nyufa na kuichora shaba mistari myeusi. Afadhali shaba iliyofifia yote kuliko hiyo ya mabaka.

Mapema miaka ya 1960, watafiti wa Uingereza waliofadhiliwa na INCRA, shirika la kimataifa la utafiti wa shaba, wakatoa Incralac. Uti wake ni akriliki, ambayo haigeuki njano upesi. Ujanja wenyewe ni benzotriazoli: hushikamana na shaba na kuizuia isifanye kutu, na papo hapo hunyonya miali ya jua inayoiharibu laka.

Fundi asiye makini bado huiharibu kazi. Shaba hung'arishwa, huondolewa mafuta yote, kisha hushikwa kwa glavu tu, maana jasho la kidole likifungiwa chini ya laka hujitokeza baadaye kama doa. Hupulizwa mikono kadhaa myembamba ya laka. Mkono mmoja mzito hutiririka.

Wahifadhi wa sanamu waliipenda Incralac kwa sababu nyingine: ikichakaa huyeyushwa ikatoka, ilhali laka ngumu za epoksi hung'ang'ania hadi zitolewe kwa kemikali kali. Wengi hupaka nta juu yake, kupunguza mng'ao uliozidi na ili mvua ianze kuila nta. Kiyeyusho cha asili cha Incralac, tolueni, kina mvuke unaodhuru ubongo na neva, na kanuni za mivuke ya viwandani zilipokazwa watengenezaji wakaanza kuuza aina inayochanganywa na maji.