Mtu wa lesi aliyeizaa AC Milan

Anayevuka kwa kivuko cha Kamanga kuja Mwanza anatoka Sengerema, nchi ya pamba, na anaingia mji ambao timu yake nayo inaitwa Pamba. TP Lindanda hao walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990 wakiwa na jina la zao la mkulima. Kwa hiyo habari za Herbert Kilpin hazipaswi kuwa ngeni kwetu, maana AC Milan ilianzishwa na mtu wa viwanda vya nguo.

Kilpin alizaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1870, mtoto wa muuza nyama. Mji ule ulikuwa ukiishi kwa lesi, naye akaingia kazi hiyo. Tangu utotoni yeye na wenzake walikuwa na timu waliyoiita Garibaldi, jina la shujaa wa Italia, jezi zao nyekundu. Mwaka 1891 kazi ikampeleka Italia kwenyewe, Turin, kwa mfanyabiashara wa nguo Edoardo Bosio. Watu husema Waingereza waliusambaza mpira duniani, kana kwamba ni serikali iliyowatuma. Waliousambaza hasa ni vibarua, mafundi na makarani kama huyu.

Desemba 1899, akiwa amehamia Milan, yeye na wenzake wakaanzisha klabu. Alfred Edwards akawa rais, Kilpin nahodha. Jezi zikawa nyekundu kama moto, na nyeusi ya kuwatisha wapinzani. Mwaka 1901 wakaifunga Genoa 3-0 na kuwa mabingwa wa Italia. Wakarudia 1906 na 1907.

Mpira ulikuwa umemkaa damuni. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku wa harusi yake ilifika telegramu ikimwita Genoa kucheza na Grasshopper ya Uswisi. Alimwacha bibi harusi, akaenda, akarudi na pua imeumia.

Mwaka 1908 shirikisho la mpira la Italia likawazuia wageni kushindana ubingwa. Mzozo kuhusu wageni ukaipasua Milan yenyewe, na waliojitenga wakaunda Internazionale. Kilpin naye akaondoka. Kumfungia mlango mtu aliyeijenga nyumba ni dhuluma, na naisema hivyo bila kusita. Alifariki mwaka 1916, akiwa na miaka 46, na kaburi lake likasahaulika hadi Luigi La Rocca, mpenzi wa Milan, alipolisaka na kulipata. Mwaka 1999 mabaki yake yakahamishiwa Cimitero Monumentale, wanakozikwa watu mashuhuri wa mji huo, na jiwe la kaburi likalipiwa na klabu.