Fremu ya Miwani Inayokutoa Bila Kutoboa Mfuko: Soma Kabla Hujapanda Gari Kwenda Tunduma

Mtu wa Ndalambo akitaka miwani, mara nyingi safari inaishia Tunduma. Kwenye mji ule wa mpakani miwani ipo ya kila namna: ya kutembezwa mkononi, ya mezani pembeni mwa barabara, na ya kwenye maduka yenye vipimo. Ukienda bila mpango unaweza kurudi na fremu nyeusi ya mstatili kama ya kila mtu. Au unarudi na fremu kali, imekutoa kweli, lakini lenzi zake si za macho yako. Hiyo ya pili ndiyo hasara kubwa.

Karatasi kwanza, fremu baadaye

Kabla ya kuwaza rangi, pima macho. Ulizia huduma ya macho hospitalini Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe, au fika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ukishapimwa, omba uandikiwe namba zako kwenye karatasi, pamoja na umbali kati ya mboni za macho yako kwa milimita. Wengi huondoka bila hiyo namba ya mwisho, wakati ndiyo inayomwonyesha fundi katikati ya lenzi pakae wapi. Karatasi ipige picha kwa simu. Ukiwa nayo unaweza kuuliza bei maduka matatu bila kupimwa upya kila mahali.

Je, ile miwani ya kusomea inayouzwa tayari, yenye namba kama +1.50 au +2.00? Si mibaya. Kuanzia miaka 40 hivi, macho ya karibu kila mtu huanza kushindwa kuona vya karibu: herufi za simu, tundu la sindano, mawe kwenye mchele. Kama mbali unaona vizuri na macho yote mawili yako sawa, miwani hiyo inatosha. Ila lenzi zake mbili zina nguvu moja, hivyo mwenye jicho moja zito kuliko jingine haimfai. Na hata ukiinunua, kupimwa bado ni muhimu, maana kuna magonjwa ya macho yanayokuja kimyakimya bila maumivu.

Usiione ni kitu kidogo. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani ya kusomea watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za mikono, wakiwemo mafundi cherehani. Baada ya miezi 8 kipato chao cha kati kilikuwa kimepanda kwa takriban asilimia 33 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Miwani ile ile ya bei chee!

Pesa iende wapi?

Dukani uliza bei mbili tofauti: fremu peke yake, na lenzi pamoja na kazi ya kuziweka. Ukitajiwa bei moja ya jumla, hujui unalipia nini. Ushauri wangu ni huu: bajeti ikibana, punguza kwenye fremu, usipunguze kwenye lenzi. Zile nyongeza za lenzi inayobadilika rangi juani, au ya kupunguza mwanga wa simu, ni za mwenye pesa ya ziada. Za kwanza kulipia ni namba sahihi na lenzi isiyochubuka haraka, maana vumbi letu halina huruma na wengi tunafutia pindo la shati.

Rangi ya fremu na rangi yako

Kuna watu husema mweusi asivae fremu nyeusi, atapotea. Sikubaliani nao. Patrice Lumumba wa Kongo anakumbukwa hadi leo kwa miwani yake yenye ukingo mzito mweusi juu tu, kwenye nyusi, huku chini ikiwa nyepesi. Umbo lilifanya kazi yote.

Kinachosaidia zaidi ni kujua ngozi yako inaelekea wapi. Toka nje asubuhi, uso mkavu bila vipodozi, shika hereni ya dhahabu shavuni, kisha kitu cha rangi ya fedha, hata kijiko. Kimoja kitaufanya uso ung'ae, kingine kitaufanya uonekane umechoka. Ukipendeza na dhahabu, tafuta kahawia, rangi ya asali, kijani iliyofifia, au ile ya madoadoa kama gamba la kobe. Ukipendeza na fedha, jaribu bluu iliyokolea, zambarau, kijivu, au damu ya mzee. Wengi wa maji ya kunde huona vyote viwili vinawakubali, na hao wana bahati yao.

Mwenye ngozi nyeusi tii asiogope fremu angavu, ile ya plastiki inayoonekana kama kioo kitupu. Juu ya ngozi hiyo inawaka kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Fremu ya kupakwa rangi ya dhahabu ya bei ya kutupa ndiyo ya kuiogopa: jasho likianza kuila, inachubuka na kuacha alama masikioni.

Ukitaka upekee, chagua kimoja, umbo au rangi. Vyote viwili kwa pamoja, ukichanganya na kitenge, vinakuwa vurugu. Anayetaka vurugu yenyewe atazame kazi za Cyrus Kabiru, msanii wa Kenya anayetengeneza miwani ya maonyesho kwa vyuma na taka za mitaani. Ile ni sanaa, si ya kusomea.

Njia ya mtumba

Hapa ndipo penye fremu ambazo hutazikuta kwa jirani. Miwani ya jua au ya mtumba yenye fremu nzuri unaweza kuipeleka kwa fundi ikatolewa vioo na kuwekwa lenzi zako. Chagua yenye skrubu zinazofunguka, mikono isiyolegea, na plastiki isiyopauka weupe, kwani iliyokauka inaweza kukatika wakati wa kuwekwa lenzi. Ile iliyopinda kuzunguka uso iache, lenzi za kupimwa hazikai vizuri humo. Muulize fundi kabla: ikivunjika mikononi mwake, hasara ya nani?

Jaribio la dakika moja

Vaa, kisha cheka. Mashavu yakiinyanyua, ni kubwa kwenda chini. Inama kama unafunga kiatu. Ikidondoka, haikushiki puani. Wengi wetu pua zetu ni pana na zimelala, na fremu nyingi za plastiki zimetengenezwa kwa pua zilizosimama. Tafuta yenye vipira vidogo vya pua vinavyoweza kukunjwa kukufuata. Mboni ziwe karibu na katikati ya kioo. Kama namba zako ni kubwa za kutoa, yaani zenye alama ya kutoa mbele, chukua fremu ndogo ya duara yenye ukingo mnene, maana lenzi kubwa itakuwa nene pembeni kama kitako cha chupa.

Picha ya kuamulia ipige nje, mbali na taa za duka, na ile programu ya kulainisha uso uizime.

Ukipata iliyokukaa, angalia ndani ya mkono wake. Mara nyingi kuna namba kama 50-20-140: upana wa kioo kimoja, nafasi ya juu ya pua, na urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Zihifadhi kwenye simu. Safari ijayo hata ukimtuma dereva wa gari la Tunduma, atajua akuletee saizi gani.