Watumwa wa Njia ya Kilwa na Huruma ya Misheni

Njia itokayo Lindi kwenda Kilwa hupita Kiranjeranje. Ukiendelea kaskazini utafika Kilwa Kivinje, ambako katika karne ya 19 misafara ilileta watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi wao walipakiwa majahazini, wakapelekwa sokoni Unguja.

Huko Unguja, mwaka 1860, alifika Padre Armand Fava na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion. Wakafungua nyumba ya kuwatibu maskini, wakanunua watoto sokoni ili kuwakomboa. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, waliipokea kazi hiyo. Na mwaka 1868 wakaivusha bahari hata Bagamoyo.

Pale watoto walifundishwa dini, kusoma, kulima na ufundi. Walipooana, walipewa nyumba na shamba dogo katika kijiji cha Wakristo. Lakini tusifiche neno: siku nyingi za juma walilima shamba la misheni, na amri ilikuwa ya mapadre. Aliyekombolewa hakuwa bado bwana wa nafsi yake.

Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini maskini hawakwisha. Imani yatudai tumlishe mwenye njaa na kumtazama mgonjwa. Basi, tumsaidiapo yatima au mjane, tusimfanye mdeni wetu. Fedha yaweza kumtoa mtu sokoni. Heshima ndiyo imwachayo huru.