Jinsi ya kubadilisha pedi za breki nyumbani
Anayeteremka Mai Mahiu hana budi kuziamini breki zake. Pedi iliyolika hadi kusalia milimita 3 yafaa kubadilishwa, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, legeza nati, kisha uinue gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi za chuma; jeki pekee haiaminiki. Fungua kalipa, nayo isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya. Toa pedi kuukuu, usukume pistoni ndani polepole, uingize mpya. Grisi isiguse diski.

Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ikiwa ingali nyuma, mkanyago wa kwanza hausimamishi gari.