Kusafisha na Kutakasa: Vyombo vya Pombe na Historia ya Vitenzi Viwili

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele ya mkuza istilahi, zimo nyingine ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ndogo mno kustahili makala. Mojawapo ni karatasi ya maelezo iliyofika mezani petu ikiwa imekwisha kutafsiriwa, nasi tukaombwa tuithibitishe tu. Ilitoka ndani ya sanduku la vyombo vya kutengenezea bia nyumbani: ndoo yenye kifuniko, mpira wa kunyonyea, chupa, vizibo, na dawa mbili. Dawa ya kwanza ilikuwa ya unga, wa magadi yenye klorini. Ya pili ilikuwa ya maji, nayo ni tindikali. Mfasiri aliandika hivi: "Safisha vyombo vyote kwa dawa ya kwanza. Kisha safisha vyombo vyote kwa dawa ya pili."

Sentensi zote mbili ni Kiswahili fasaha. Lakini msomaji mwenye akili zake akizisoma atauliza, mbona narudia kazi ileile? Atachagua dawa moja na kuiacha nyingine. Au, na hili ndilo la kutisha, atazimimina zote mbili katika ndoo moja ili amalize mara moja. Klorini ya namna hiyo ikikutana na tindikali hutoa hewa ya sumu, ileile iliyotumiwa na majeshi ya Ujerumani karibu na Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Jikoni haitakuwa nyingi kama ilivyokuwa vitani, lakini katika chumba kisicho na dirisha yatosha kuyadhuru mapafu.

Mfasiri huyo hatuwezi kumlaumu sana. Matini ya asili ilikuwa na vitenzi viwili, naye vyote viwili alivifahamu kwa maana ya kusafisha. Ili kujua namna vitenzi hivyo vilivyoachana, hapana budi kurudi nyuma kidogo katika historia ya pombe yenyewe.

Watengenezaji wa pombe wa zamani walijua kuwa chombo kichafu huharibu kinywaji, ila sababu yake hawakuijua. Wazungu waliwasha kiberiti ndani ya mapipa matupu ili moshi wake uyaingie mbao. (Neno hili kiberiti tumelipata kwa Waarabu, nalo asili yake ni jina la madini ya manjano, si la njiti tunazonunua dukani. Matumizi ya moshi wake ni ya kale sana: katika Odisei ya Homer, Odysseus anaifukiza nyumba yake kwa kiberiti baada ya kuwaua wachumba.) Wakulima wa Norway waliviosha vyombo vyao kwa maji ya moto yaliyochemshiwa matawi ya juniperi. Kwetu Afrika Mashariki wafugaji huvifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi au kuvisugua kwa vijinga vya miti maalumu. Katika desturi zote hizo, kuondoa uchafu na kuua kile kisichoonekana kwa macho vilikuwa vimo ndani ya kazi moja. Kitenzi kimoja kilitosha.

Mgawanyiko ulianza Ufaransa. Mwaka 1856, mjini Lille, mtu mmoja aitwaye Bigo, aliyekuwa na kiwanda cha kutengeneza alkoholi kutokana na viazisukari, alimwendea Louis Pasteur kulalamika kwamba baadhi ya mapipa yake yanageuka kuwa machungu na makali. Pasteur aliyachungulia kwa hadubini. Katika mapipa mema aliona hamira. Katika mabovu aliona viumbe wengine, wadogo zaidi, wanaotengeneza tindikali ya maziwa yaliyoganda. Mwaka 1871 alikizuru kiwanda cha bia cha Whitbread mjini London, akawaonyesha mafundi wake viumbe wa namna hiyo ndani ya hamira waliyokuwa wakiitegemea. Na mwaka 1876 alichapisha kitabu chake kuhusu bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuikuza hamira safi kutokana na chembe moja tu, akathibitisha kuwa bia yaweza kuharibiwa hata na hamira nyingine, yaani hamira mwitu.

Hapa mfasiri wa Kiswahili anakutana na mtego wa kwanza. Kitenzi chetu chacha kina kazi mbili. Pombe ikichacha, mambo ni mazuri. Mchuzi ukichacha, humwagwa. Pasteur alichogundua ni kwamba machacho hayo mawili ni ndugu, ila watendaji wake ni tofauti. Kwa hiyo katika matini za ufundi nashauri kuchacha kuwe kwa kazi ya hamira tunayoitaka, na ile nyingine iitwe kuharibika.

Dawa zenyewe zilikuja kwa njia ya kando. Klorini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774, na kwa miaka mingi ilitumika kuzifanya nguo ziwe nyeupe. Katika miaka ya 1820 Labarraque, mfamasia wa Paris, aliitumia kuondoa uvundo katika karakana za matumbo ya wanyama. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa Vienna waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vikapungua sana. Ni muhimu kutambua kuwa madaktari wale walikuwa wakinawa kwa sabuni hata kabla ya hapo, na mikono yao ilionekana safi. Kilichokuwa kimepungua ni tendo la pili, ambalo wakati huo lilikuwa bado halina jina linaloeleweka. Mwaka 1881 Robert Koch alizipima dawa mbalimbali, akaonyesha kuwa baadhi huzuia tu vijidudu visizaane, na nyingine huviua hasa.

Tangu hapo wataalamu wanatenga matendo matatu. La kwanza ni kuondoa uchafu unaoonekana au kushikika. La pili ni kuvipunguza vijidudu hadi kiwango kisicholeta madhara. Marekani, kwa dawa za vyombo vya chakula, kipimo ni kwamba katika kila vijidudu 100,000 asibaki zaidi ya kimoja ndani ya sekunde 30. La tatu ni kuua kila kilicho hai, pamoja na mbegu za bakteria zinazostahimili hata maji yanayochemka, na hilo huhitaji mvuke wa nyuzi 121 ndani ya chombo cha shinikizo kwa muda wa dakika 15 hivi. Mtengenezaji wa bia ya nyumbani halihitaji tendo la tatu. Anahitaji mawili ya kwanza, tena kwa mfuatano huohuo.

Ajabu ni kwamba wenye lugha zao nao hawakuwa makini. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani iliruhusu kwa sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Vitabu vya Waingereza vilivyofuata vilizoea kutumia neno la tendo la tatu kwa tendo la pili, ilhali Wamarekani walishika neno la tendo la pili. Mfasiri anayefuata neno bila kutazama tendo atapotea pamoja nao.

Kwa nini mfuatano? Kwa sababu klorini na iodini hujichosha juu ya uchafu. Masalio ya kimea na hamira yaliyokauka pembeni mwa ndoo huila dawa kabla haijavifikia vijidudu, navyo hujificha chini ya utando wao. Mkwaruzo mmoja katika ndoo ya plastiki ni pango la kutosha. Ndiyo maana waya wa kusugulia sufuria hautakiwi kabisa. Klorini isiposuuzwa vizuri huungana na baadhi ya kemikali za kimea, ikazaa ladha kama ya hospitali ambayo ulimi huigundua hata ikiwa kidogo mno. Tena mtungi wa kioo ukitiwa ghafla maji yanayochemka hupasuka mikononi mwa mwenyewe.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa tendo la kwanza, safisha linafaa, pamoja na jamaa zake: osha, sugua, suuza. Kwa tendo la pili wapo wanaotumia kipukusi kwa maana ya dawa yenyewe, ila sijamsikia mtu sokoni akilitamka. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, umma haukungoja mabaraza. Tanzania watu walisema vitakasa mikono. Kenya magazeti na redio vikashika vieuzi. Maneno yote mawili yametoka katika ibada: kutakasa ni jamaa wa utakatifu, na kueua ni kumwondolea mtu unajisi au uchawi.

Wapo wenzetu wanaoona haya kutumia neno la dini kwa ndoo ya pombe. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, lakini ndani yake mna faida waliyoisahau. Mtoto yeyote aliyepita chuoni amefundishwa kuwa ain ya najisi huondolewa kwanza, ndipo mahali pake patoharishwe kwa maji. Huwezi kumwaga maji juu ya najisi ukasema pametoharika. Mfuatano tunaotaka kumfundisha mtumiaji wa dawa hizi umo tayari katika akili za wasomaji wetu wengi. Neno takasa linaubeba, safisha haliubebi. Kueua nako kunafaa, na sioni sababu ya kuwaambia Wakenya waliache.

Kwa tendo la tatu limependekezwa tasisha, kutokana na tasa. Binafsi silipendi: msomaji atafikiri ng'ombe au mke wa mtu kabla ya kufikiri chombo. Hadi lipatikane jingine, tuandike kuua vijidudu vyote. Istilahi ya maneno matatu si aibu.

Karatasi ile tuliirudisha kwa wenyewe ikiwa imeandikwa hivi: "Safisha vyombo kwa dawa ya unga, kisha visuuze kwa maji mengi mpaka utelezi uishe. Mwaga maji hayo yote. Ndipo uvitakase kwa dawa ya maji iliyopimwa kama ilivyoelekezwa, uviache vichuruzike, wala usivisuuze tena. Usichanganye dawa hizi mbili kamwe, wala usizitie siki au dawa nyingine yoyote." Walilalamika kwamba imezidi mistari waliyotengewa. Tulipendekeza wapunguze picha ya bilauri.