Ini la Mbuzi na Macho ya Watoto

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga, penye njia panda ya Ruangwa. Katika vijiji vya njia hiyo watoto wengi hula ugali wa muhogo au wa mahindi meupe. Ugali hushibisha, lakini hauna vitamini A, nayo jicho haliwezi kuona gizani bila hiyo. Mtoto akikosa mboga pia, huanza kujikwaa baada ya magharibi, na wazazi humwita mzembe.

Maradhi haya ni ya zamani. Waarabu huyaita al-asha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliagiza katika Qanun kwamba mgonjwa ale ini la mbuzi. Vitamini hakuijua, haikugunduliwa ila mwaka 1913 huko Marekani. Hata hivyo alipatia, kwani ini ndilo ghala ya vitamini A. Amma ile desturi ya zama zake ya kutia jichoni maji ya ini lililochomwa, hiyo tuiache. Faida hupitia tumboni.

Hatari kubwa ni surua. Humaliza akiba ya vitamini mwilini, kioo cha jicho hukauka, kikatoka kidonda, likabaki kovu jeupe. Wengine wamepofushwa na majani yaliyokamuliwa jichoni kwa nia njema! Huko Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa kura. 88 waliongezewa vitamini A siku mbili mfululizo juu ya matibabu ya kawaida, 92 hawakuongezewa. Katika wale walikufa 6, katika hawa 12, na tofauti ilidhihiri zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1987. Basi mwenye surua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na asiye mgonjwa? Kisamvu, mchicha, majani ya maboga, papai na embe bivu vyatosha wengi. Mboga itiwe tui au karanga, maana vitamini hii huchukuliwa na mafuta. Wapishi wa pwani walilifanya hilo kwa ajili ya utamu tu. Matone ya kliniki hupewa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kila miezi sita. Mja mzito asiyanywe, wala asizidishe ini, kwani vitamini A ikipita kiasi humdhuru aliye tumboni. Naye mzee mwenye mtoto wa jicho asiuziwe vidonge. Maradhi yake huondolewa kwa upasuaji.