Kura na Uhalali wa Utawala Kenya, 2007 hadi 2024

Serikali ya kuchaguliwa husimama pale walioshindwa wanapokubali kwamba wameshindwa. Nchini Kenya kukubali huko kulivunjika Desemba 30, 2007, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alipomtangaza Mwai Kibaki mshindi, naye akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Mapatano ya Februari 28, 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yalimpa Raila Odinga, mshindani wa Kibaki, uwaziri mkuu. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza hesabu za kura, ilizikuta zimevurugika kiasi kwamba mshindi halisi asingeweza kujulikana. Watu walikuwa wameuana kwa ajili ya matokeo ambayo hakuna aliyeweza kuyathibitisha.

Katiba ya 2010 iliikabidhi Mahakama ya Juu kesi za kupinga uchaguzi wa rais na kuipa siku 14 za kuamua. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliidhinisha ushindi wa Uhuru Kenyatta wa asilimia 50.07. Septemba 1, 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa rais uliokuwa umempa Kenyatta ushindi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, ila haukutosha: Odinga alisusia marudio ya Oktoba 26, waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 40, na Januari 30, 2018 akaapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Mvutano ulitulia Machi 9, yeye na Kenyatta waliposhikana mikono.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka wazi mtandaoni fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, kila raia ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Hata hivyo mahakama iliuthibitisha ushindi wa William Ruto, na nchi ikabaki tulivu.

Utulivu huo haukudumu. Juni 25, 2024 wabunge 195 dhidi ya 106 walipitisha Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, na vijana wasio na kiongozi wala chama wakalivamia Bunge. Polisi waliwafyatulia risasi, na baadhi ya vijana hao wakafa. Kura za 2022 hazikuwa hoja yao. Walihoji wabunge wanamwakilisha nani. Siku iliyofuata Ruto alikataa kuutia saini mswada, na mwezi uliofuata akawateua washirika wa Odinga kuwa mawaziri.